Tarehe ya Kukunja

Wakili alinipigia simu nikifundisha Kidato cha Pili, katikati ya somo la Kiingereza. Huwa sipokei simu darasani, lakini namba ilikuwa ya ng'ambo na nilijua ni ya nani. Nikatoka nje, nikaupa upepo mgongo na kuziba sikio moja kwa kiganja.

"Mwalimu, samahani kwa kukusumbua," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Huyu mama aliingia Kenya Jumanne iliyopita?"

"Jumanne? Hapana. Huu ni mwaka wake wa tisa Kakuma."

"Fomu yake inasema Jumanne iliyopita. Na pale palipoulizwa mahali alipofikia... ameandika meza."

"Meza?"

"Meza. Kwa Kihispania. Ameiandika vizuri, herufi zote ziko sawa."

Nikajua papo hapo hiyo ilikuwa kazi ya nani. Ilikuwa kazi ya Fada. Nusu yake, nikiwa mkweli, ilikuwa kazi yangu mimi, lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kusema ukweli. Nilirudi darasani nikawaamuru wanafunzi wasome kimya, na nilivyolisema neno "kimya" walisoma kweli.

Huyu mama ni fundi wa nguo kutoka Sudan Kusini. Ana kibanda chake kambini Kakuma, anashona sare za shule. Nilimfahamu kupitia mama yangu, anayeishi Kakuma mjini, ng'ambo ya mto mkavu. Mama alinipeleka kwake kushona gauni la harusi ya binamu, na kufikia jaribio la pili la gauni tulikuwa tumeshakuwa marafiki. Mume wake alikuwa amefika Uhispania kwa njia ambazo hakupenda kuzisimulia, akapata makaratasi, akapata kazi ya kupanga matunda kwenye masanduku, akatafuta wakili wa kumsaidia amlete mke na watoto wawili. Kila akipiga simu alikuwa na wimbo mmoja: jifunze lugha, jifunze lugha, mimi nilikaa huku miezi sita kama bubu.

Basi nikajitia kimbelembele. Nikamwambia namfahamu Mhispania mwenye nafasi.

Huyo ndiye Fada, padri aliyekuwa amestaafu. Anaishi Lodwar, katika chumba nyuma ya kanisa, si mbali na shule ninayofundisha. Alikuja Turkana mama yangu akiwa msichana mdogo, akakaa miaka na wafugaji, akajifunza Kiturkana hadi wazee wakawa wanabishana naye juu ya majina ya rangi za ng'ombe. Kiswahili hakukishughulikia. Husema alikikuta njiani akakipita. Kwa hiyo masomo yalikuwa yaende hivi: yeye aseme neno la Kihispania, alieleze kwa Kiturkana, nami nitafsiri kwa Kiswahili, kwa sababu fundi anasema Kiarabu cha Juba na Kiswahili cha kambini. Fundi hawezi kutoka kambini bila kibali, basi kila Jumamosi mimi na Fada tulipanda gari la misheni asubuhi kwenda Kakuma, na jioni tulirudi Lodwar.

Jambo moja sikulipima. Kabla ya kutumwa huku, Fada alifundisha Kilatini.

Siku ya kwanza fundi alikuwa amejiandaa. Alikuwa na daftari jipya na orodha ya mambo anayotaka: mtoto anaumwa, basi la kwenda hospitali ni lipi, mimi ni fundi, natafuta kazi. Fada akaiangalia orodha, nikamtafsiria, akaitikia kwa kichwa, kisha akaona ufunguo wa kibanda ukining'inia kwenye msumari. Akauchukua. "Llave," akasema. Tamka "yave". Halafu akaanza. Warumi walisema *clavis*. Wahispania waliona uvivu kutamka *cl* mwanzoni mwa neno, wakailainisha. Hata *pl* waliilainisha, hata *fl*. Waingereza nao wakalichukua *clavis* kwa mlango mwingine, wakapata *clef*, ile alama ya mwanzo wa nota za muziki, na *conclave*, chumba wanachofungiwa makadinali kwa ufunguo wakimchagua papa. Nilitafsiri mpaka makadinali. Somo la kwanza, saa mbili nzima, neno moja. Lile la "mtoto anaumwa" tuliliacha kwa Jumamosi iliyofuata.

Njiani kurudi nilimwambia, "Fada, huyu mama anahitaji kununua mkate."

"Mkate ni *pan*," akasema kwa furaha. "Kilatini *panis*. Unajua *company*? Ni watu wanaokula mkate mmoja."

Nikageuza uso dirishani, nikatazama mbuzi.

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyozaa balaa. Tulipoingia kibandani, fundi alikuwa akipiga pasi sketi za shule, zile zenye marinda. Fada akasimama akaangalia vidole vya fundi vikikunja rinda moja juu ya jingine, uso ukamchanua. Akasema hilo lilikuwa somo la leo. *Llegar*. Hapo simu yangu ikaita ujumbe. Mwalimu mkuu alikuwa akitaka alama za mtihani, na nilikuwa nimechelewa siku mbili kumpa. Nikainama kumjibu. Nilipoinua kichwa Fada alikuwa tayari yuko Roma.

Nikadaka maneno yake njiani nikayatafsiri. Neno hili, akasema, lilitoka kwa *plicare*, yaani kukunja. Wapo wanaosema mabaharia walipokaribia bandari walikunja matanga, na ndipo neno likapata maana yake ya sasa. Wengine hawakubali. Na kwa Kiingereza, akanigeukia mimi, nyinyi watu wa ofisi hamwezi kuishi siku moja bila neno hili. *Apply* ni kukunjia kitu kwenye kitu. *Reply* ni kukunja na kurudisha. *Duplicate* ni kukunja mara mbili. *Complicated* ni vitu vilivyokunjwa pamoja hadi havifunguki. Na *pleat*, hili hapa! Akachukua sketi moja kutoka kwenye meza ya pasi akaipeperusha.

"Lakini sikiliza, mwalimu," akaendelea, na hapo nakiri masikio yalinisimama. "Waromania walipata neno hilohilo kutoka kwa Warumi haohao, na kwao maana yake ni kuondoka. Kwa sababu wao wa nchi kavu. Wakikunja mahema, wanahama. Mturkana gani hawezi kuelewa hilo? Mama yako akianza kukunja ngozi na kufunga vitu juu ya punda, kuna mtu atasema tumefika?"

Nilitafsiri hayo yote vizuri sana. Nilijisikia hodari. Fundi alikuwa akiandika mbio.

"Kwa hivyo hii yegari ni kukunja?" akaniuliza.

"Ndiyo," nikasema. "Asili yake ni kukunja."

Sikusema kufika. Fada alikuwa amelisema mwanzoni kabisa, wakati mimi namwandikia mwalimu mkuu kwamba alama ziko njiani. Naye fundi akaenda zake na jibu langu, akaliweka daftarini bila lile neno *asili*.

Baada ya simu ya wakili nilimpigia fundi wakati wa mapumziko. Alipokea akiwa na sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Mwalimu! Umeambiwa? Fomu imekuja kwa simu, nimetoa karatasi kwa saiba, kwa wale wa kompyuta, nimejaza mimi mwenyewe, nimetuma. Sikutaka kusumbua wewe hadi Jumamosi."

"Umejaza nini pale penye *fecha de llegada*?"

"Fecha ni tarehe. Yegada ni ya kukunja. Inauliza mimi nilikunja karatasi lini. Ni Jumanne nilikunja, nikaweka kwa bahasha, nikapeleka saiba."

"Na *lugar*?"

"Lugar ni mahali. Nilikunjia juu ya meza. Nikaandika mesa. Lakini nilishangaa, mwalimu. Nilisema hawa watu wako makini sana, hata mahali pa kukunja wanauliza."

Sikujua nicheke au nilie. Nilimwambia tutaongea Jumamosi, nikakata simu, na kengele ya mwisho ilipolia nilivuka barabara hadi kwa Fada bila hata kupita nyumbani.

Alikuwa ameketi mlangoni akisoma. "Ejok?" akanisalimu kwa Kiturkana. Sikuitikia ejok. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Nilimwambia wakili alikuwa ameshaiwasilisha fomu kabla ya kuisoma vizuri, sasa inabidi iandikwe barua ya maelezo, na faili lisubiri, miezi minne pengine, na watoto wale wamemkosa baba yao tangu mdogo akiwa wa kubebwa mgongoni. Nilimwambia huyu mama hakuomba Roma. Aliomba maneno ya kununulia dawa. Nilimwambia, na hili nililisema kwa sauti ambayo mama yangu angenipiga kofi kuisikia, "Fada, unafundisha kwa ajili yake au kwa ajili yako?"

Alifunga kitabu.

"Miaka yote niliyokaa hapa," akasema, "watu waliniomba maji, waliniomba gari, waliniomba barua ya shule. Lugha yangu hakuna aliyewahi kuniomba. Nadhani nilikula kwa pupa." Kisha akauliza, "Lakini nilisema kufika. Sikusema?"

"Ulisema. Mimi sikutafsiri."

"Ah," akasema. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kubishana.

Jumamosi ile fundi alitusikiliza huku akiendelea kushona. Nilimweleza kwamba fomu haikuwa ikiuliza habari ya karatasi. Iliuliza siku aliyofika Kenya, na mahali alipofikia. Nilitarajia aone haya, au acheke. Aliacha kazi, akaondoa mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Siku ya kufika?" akasema. "Hiyo ndiyo walitaka?"

"Hiyo tu."

"Hiyo hapana haja ya kuandika daftari." Akaitaja tarehe, mwezi na mwaka, bila kufikiri. "Ilikuwa Nadapal, pale mpakani. Asubuhi. Mvua ilikuwa inanyesha, na huyu mdogo alikuwa na joto mwilini, mimi nafikiri atakufa mgongoni. Askari mmoja wa Kenya alinipa chai kwa kikombe yake mwenyewe. Nilikunywa nusu, nusu nikampa mtoto. Ile kikombe ilikuwa ya bluu." Akatutazama mmoja mmoja. "Kama wangeuliza kwa Kiarabu ningeandika ukurasa mbili."

Fada hakuelewa maneno, akaniangalia mimi. Nilimtafsiria yote, pamoja na kikombe. Safari hii sikuacha hata neno moja.

Tukajaza fomu nyingine. Mimi nikaandika barua ya maelezo kwa Kiingereza, na nilipofika kwenye sentensi ya kueleza kwa nini mtu mzima ameandika meza, nilikaa nikitafuna kalamu muda mrefu. Mwishowe niliandika kwamba palitokea kosa la tafsiri. Ukweli ni huo.

Kuanzia hapo Fada akabadilika. Alikuja na karatasi zilizopangwa: salamu, sokoni, hospitalini, shuleni. Anasema, fundi anarudia. Anasema, fundi anarudia. Hakugusa ufunguo, hakugusa mkate. Nilitafsiri nusu ya nilivyozoea na tulimaliza mapema. Nilifurahi. Hatimaye, nilisema moyoni, tunasoma kama watu.

Jumamosi ya tatu ya mtindo huo mpya, Fada akiwa ametoka kwenda kumsalimia mgonjwa jirani, fundi akaniinamia.

"Mwalimu, Fada anaumwa?"

"Haumwi. Kwa nini?"

"Mbona hapana hadithi tena? Haya maneno anapanga kama matofali. Yanaingia hapa," akagusa sikio moja, "yanatokea hapa. Zamani neno moja linakuja na baba yake na shangazi yake. Mimi siwezi kusahau."

"Lakini lile moja lilitugharimu miezi!"

"Malesh, si kitu. Hiyo ni wewe ulikuwa na simu."

Akafungua daftari lake kunionyesha. Sikuwahi kulichungulia kabla ya siku hiyo. Maneno ya zile Jumamosi za kwanza alikuwa ameyachora. Ufunguo, na kando yake wazee wenye kofia wamefungiwa chumbani. *Llorar*, kulia, na mwanamke anayepiga ukelele. *Lluvia*, mvua. *Lleno*, debe lililojaa. Akafunika ukurasa kwa kiganja na kunitajia yote, moja baada ya jingine, na Kilatini chake kando. Kisha akafungua kurasa za karibuni, za sokoni na hospitalini, akajaribu tena, akakwama kwenye la nne.

Nilishikwa na hasira isiyo na pa kwenda. Nilikuwa nimemgombeza mzee wa watu, nimemharibia furaha yake, na kumbe mwanafunzi mwenyewe alikuwa akijifunza. Fada aliporudi nilimwambia kwa Kiturkana, kwa mkato, "Anataka hadithi zako."

"Kweli?"

"Usinifanye niseme mara mbili."

Akavuta kiti. Nilizima simu, nikaitumbukiza mkobani. Siku hiyo tulijifunza *comer*, kula, na nusu saa nzima ilikwenda kwenye *edible* na *obese*, ndugu zake wa Kiingereza.

Faili lilisonga mwishowe. Fundi alipata kibali akaenda Nairobi na watoto kwa mahojiano kwenye ubalozi wa Uhispania. Tulimfundisha wiki mbili mfululizo kwa simu. Fada alimwuliza maswali kama ofisa, mimi nikiwa katikati nimeshika simu kama chombo cha maabara. Siku yenyewe sikufundisha vizuri. Nilimsahihishia mwanafunzi kosa ambalo hakulifanya. Saa nane mchana akapiga.

"Kalas, imeisha. Imekwenda vizuri."

"Walikuuliza nini kwa Kihispania?"

"Hapana Kihispania. Kulikuwa na mkalimani wa Kiarabu. Mama mzuri sana, ametoka kwetu."

"Hata neno moja?"

"Hata moja. Lakini wakati natoka nilisema *adiós*. Askari wa mlango alifurahi sana. Ni mtu wa Kisii."

Nilimpelekea Fada habari hiyo mwenyewe. Alicheka mpaka akakohoa. Mimi sikuona kichekesho. Nilikuwa nimetoa Jumamosi zangu za muhula mzima na zaidi.

Visa zikatoka, fundi na watoto wakaondoka. Asubuhi ya mwisho mama yangu alimfungia nyama iliyokaushwa, ambayo sote tulijua haitapita uwanja wa ndege, na fundi alimwachia mama sketi sita zisizomalizika azipeleke kwa fundi mwingine. Kisha kukawa kimya wiki tatu. Nilikuwa nasahihisha insha ujumbe wake wa sauti ulipoingia. Nyuma yake nilisikia watoto na mlio wa gari la takataka.

"Mwalimu, salamu nyingi. Tumefika, tuko wazima, baridi iko. Lakini kuna shida. Watu wa hapa hawasemi ile ya Fada. Nilienda shule ya watoto, nikasema vizuri kabisa, basi *llega* saa ngapi. Yule mama akanijibu kwa lugha ingine. Anasema *arriba*, *arriba*. Nimeuliza huyu mume wangu, anasema ah ndiyo, huku wako na lugha mbili, ya shule ni ya Kikatalani. Mwalimu, mimi nilitaka kumpiga."

Nilisikiliza mara mbili kuhakikisha. Mwaka mzima! Mwaka mzima wa "jifunze lugha", na mtu huyu hakuona haja ya kututajia kwamba kuna nyingine. Niliweka kalamu nyekundu chini, nikachukua simu, nikaenda kwa Fada nikitaka angalau mtu mmoja wa kukasirika pamoja naye.

Nilimwekea ujumbe ausikie. Hakuelewa Kiswahili cha fundi, lakini aliposikia *arriba, arriba* akainua kidole.

"*Arribar*!" akasema. "Ni kufika kwa Kikatalani, na hilo si la kukunja. Hilo ni *ripa*, Kilatini, ukingo wa mto. *Ad ripam*, kwenye ukingo. Ndiyo *arrive* yenu, mwalimu! Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Umefundisha *arrive* miaka mingapi?"

"Kumi na saba," nikasema.

"Na hukujua kuna mto ndani?"

"Fada, nina insha arobaini mezani. Nimekuja dakika tano tu."

Alikuwa ameshaingia ndani kutafuta kamusi. Nikasikia vitabu vikianguka, na yeye akivisemesha kwa Kihispania. Nilisimama pale mlangoni nikiwa nimefura. Kisha nikavuta kiti chake, nikaketi, nikabonyeza simu kurekodi, maana fundi angeniuliza, na nikampigia kelele alete na miwani.